British Loyalty: Meli ya Mafuta Iliyopigwa Mara Mbili Katika Bahari ya Hindi

Usiku wa tarehe 30 Mei 1942, ndani ya bandari ya Diego Suarez kaskazini mwa Madagaska, nyambizi ndogo ya Kijapani yenye watu wawili ilifyatua topido mbili. Ya kwanza iliitoboa manowari ya Kiingereza Ramillies. Ya pili, kama saa moja baadaye, iliipata meli ya mafuta iliyoitwa British Loyalty, ikazama palepale bandarini. Ukisoma habari za vita vya Madagaska utakuta Ramillies imepewa kurasa nzima na British Loyalty imepewa sentensi moja, tena mara nyingi ni nusu ya sentensi.

Mimi nataka kuigeuza hesabu hiyo. Meli hii haikuishia Diego Suarez. Iliinuliwa kutoka chini ya maji, ikakokotwa hadi Maldivi, ikapewa kazi nyingine, ikapigwa tena mwaka 1944, safari hii na Wajerumani, na hatimaye ikazamishwa na Waingereza wenyewe mwaka 1946. Ukiifuata hatua kwa hatua unaona jambo ambalo historia za mizinga na maadmirali hulipita haraka: katika bahari yetu, mwaka ule wa 1942, aliyekosa mafuta hakuwa na jeshi la maji hata kama alikuwa na manowari ishirini. Na chombo kilichobeba mafuta hayo ndicho kilichofikiriwa mwisho ulipokuja wakati wa kugawa ulinzi.

Meli yenyewe, na maana ya kuchukuliwa na serikali

British Loyalty iliundwa mwaka 1928 na kampuni ya Palmers kaskazini mashariki mwa Uingereza, kwa ajili ya British Tanker Company. Hii ilikuwa kampuni ya meli ya Anglo-Persian, ile kampuni ya mafuta ya Uajemi ambayo baadaye iliitwa Anglo-Iranian na mwishowe ikawa BP. Meli zote za British Tanker zilianza na neno British, ndiyo maana ukisoma orodha za meli zilizozama vitani unakutana na British Sergeant, British Loyalty na nyinginezo nyingi. Kampuni hiyo ilipoteza meli zaidi ya 40 katika vita vile, na mamia ya mabaharia.

Daftari la meli linaiandika kuwa meli ya tani 6,993. Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu tani hizi huwachanganya wengi. Si uzito wa meli wala si uzito wa shehena. Ni kipimo cha nafasi ya ndani, ambapo tani moja ni futi za ujazo 100, karibu mita za ujazo 2.8. Meli ya mafuta ya kiasi hicho, enzi zile, ilibeba shehena ya takriban tani 10,000 za uzito. Sasa linganisha. Manowari ya aina ya Ramillies, iliyoundwa wakati wa Vita vya Kwanza, ilichukua zaidi ya tani 3,000 za mafuta ikijazwa pomoni. Kwa hiyo meli moja kama British Loyalty ni karamu ya manowari tatu, na baada ya hapo haina kitu. Ikipotea moja, manowari tatu zinakaa bandarini zikisubiri nyingine itoke Abadan, bandari ya mafuta ya Uajemi.

Vita vilipoanza, serikali ya Uingereza ilizichukua meli za biashara kwa nguvu ya sheria. Haikuzinunua wala kuzitaifisha. Umiliki ulibaki kwa kampuni, na mara nyingi uendeshaji pia: kampuni iliajiri mabaharia, ikashughulikia matengenezo, ikanunua chakula cha wafanyakazi. Serikali ilishika kitu kimoja tu, nacho ndicho kikubwa, yaani amri ya meli iende wapi, ibebe nini na kwa ajili ya nani. Kampuni ililipwa kodi ya meli, na ikizama ililipwa fidia. Kuanzia Mei 1941 kazi hiyo ilikuwa chini ya Wizara ya Usafirishaji wa Vita.

Baharia wa meli kama hii alibaki raia. Hakuvaa sare ya jeshi la maji, hakuwa na cheo chake, lakini alilala juu ya tani 10,000 za mafuta ndani ya eneo la vita. Na kuna jambo ambalo kila nikilisoma linanichoma: hadi mwaka 1941, meli ya Kiingereza ikizamishwa, mshahara wa mabaharia wake ulikatika siku ileile. Mtu yuko ndani ya mashua ya kuokolea maisha, anapigwa na jua na chumvi, na hesabu yake ya malipo imeshafungwa. Utaratibu huo ulibadilishwa Mei 1941, mwaka mmoja kabla ya kisa chetu. Waliokuwa kwenye British Loyalty walinusurika walau dhuluma hiyo.

Kwa nini kila mtu alikuwa Madagaska

Ili kuelewa meli ya mafuta ilifika vipi Diego Suarez, lazima turudi Aprili 1942. Wajapani walikuwa wameshachukua Singapore, kusini mwa Burma na visiwa vya Uholanzi vya Mashariki, pamoja na visima vyake vya mafuta. Tarehe 5 Aprili ndege zao kutoka manowari za kubeba ndege zilishambulia Colombo, katika kisiwa cha Ceylon (Sri Lanka ya leo), na kuzamisha manowari Cornwall na Dorsetshire baharini. Tarehe 9 Aprili zikashambulia Trincomalee, bandari nyingine ya Ceylon, zikazamisha Hermes, manowari ya kubeba ndege, na pamoja nayo meli mbili za mafuta, Athelstane na British Sergeant. Tazama orodha hiyo vizuri. Siku moja, meli mbili za mafuta. Matangi ya mafuta ya Trincomalee nayo yakawaka moto.

Admirali James Somerville, mkuu wa Kikosi cha Mashariki, alikuwa na manowari kubwa tano, nne kati yake zikiwa kongwe za aina ya Ramillies, zinazotembea polepole na kunywa mafuta kwa wingi. Alikuwa amezificha katika kituo cha siri cha Addu, atoli ya kusini kabisa ya Maldivi, ambayo Wajapani hawakuijua. Baada ya kipigo cha Ceylon, sehemu kubwa ya kikosi ilirudi nyuma hadi pwani ya Afrika Mashariki, na Kilindini, Mombasa, ikawa makao yake hadi mwaka 1943 ilipoanza kurejea Ceylon. Mkazi wa Mombasa wa mwaka ule aliamka akaona bandari yake imejaa manowari ambazo miezi michache nyuma zilikuwa zinangojewa Singapore. Hata wavunja siri za mawasiliano ya Kijapani walihamia pale, wakafanyia kazi katika jengo la shule ya Allidina Visram.

Kikosi kikiwa Kilindini, mafuta yake yalitoka Ghuba ya Uajemi, na njia ya meli zinazokwenda Misri na India ilipita Mfereji wa Msumbiji. Madagaska ilikuwa chini ya serikali ya Ufaransa ya Vichy, iliyokuwa na mapatano na Ujerumani. Waingereza walihofia kwamba Wajapani wangepewa Diego Suarez kama Wafaransa walivyowaachia vituo Indochina. Nyambizi za Kijapani zikikaa pale, Kilindini na mfereji vyote viko mkononi mwao. Kwa hiyo tarehe 5 Mei 1942 Waingereza walishuka, na baada ya siku tatu za mapigano bandari ikawa yao. Bendera ya amri ilipepea juu ya Ramillies, akiwamo ndani yake Admirali Syfret.

Jeshi likishateka bandari, kinachofuata ni kulilisha. Chakula, risasi, makaa, mafuta. British Loyalty iliingia Diego Suarez kwa kazi hiyo: kujaza matangi ya manowari zilizokuwa mbali na kituo chochote chenye matangi ya nchi kavu ya kutosha.

Usiku wa mbalamwezi

Wajapani walikuwa njiani tayari, ingawa si kwa sababu ya Madagaska. Nyambizi tano kubwa zilitumwa magharibi mwa Bahari ya Hindi kutafuta manowari za Kiingereza za kushambulia: I-10, I-16, I-18, I-20 na I-30. Zilipeleleza bandari moja baada ya nyingine. Ndege ndogo kutoka I-30 ilipita juu ya Zanzibar na Dar es Salaam mwezi Mei, kisha nyambizi hiyo ikaichungulia Mombasa. I-10 iliitazama Durban. Kwa maneno mengine, shambulio la Diego Suarez lingeweza kuwa shambulio la Kilindini kama wangeyakuta mawindo waliyoyataka pale kwanza.

Jioni ya tarehe 29 Mei, ndege ya I-10 iliruka juu ya Diego Suarez na kuiona Ramillies. Ndege hiyo ilionekana kutoka chini. Hakukuwa na kiwanja cha ndege cha Kijapani popote karibu, kwa hiyo ilikuwa wazi kwamba imetoka kwenye chombo kilichoko baharini. Ramillies iling'oa nanga, ikazunguka ndani ya ghuba usiku ule, na alfajiri ikatia nanga mahali pengine. Kufika jioni ya tarehe 30 hali ya tahadhari ilikuwa imepoa. Huu ndio udhaifu wa kwanza ninaouona katika kisa hiki: ndege ya upelelezi ilichukuliwa kuwa hatari ya usiku mmoja, kana kwamba mpelelezi akishaondoka na habari zake zinaisha nguvu.

Nyambizi tatu kati ya zile tano zilibeba mgongoni nyambizi ndogo, kila moja ikiwa na urefu wa kama mita 24, betri za umeme, watu wawili na topido mbili. I-18 ilishindwa kuachia ya kwake. Ya I-16 iliachiwa, ikapotea. Mwili wa mmoja wa watu wake ulikutwa ufukweni. Iliyobaki, ile ya I-20, ilikuwa na Luteni Akieda Saburo na msaidizi wake Takemoto Masami. Hao wawili ndio walioingia.

Ulikuwa usiku wa mwezi mpevu. Usiku huohuo Waingereza walitumia mwezi huohuo kuishambulia Cologne, mji wa Ujerumani, kwa ndege zaidi ya elfu. Mlango wa ghuba ya Diego Suarez ni mwembamba, lakini ukishaupita maji yanafunguka kuwa bandari kubwa yenye pembe nyingi. Wiki tatu baada ya kuteka, Waingereza walikuwa hawajaupa mlango ule kizuizi cha kuaminika. Akieda alipita.

Kama saa mbili na nusu usiku topido ya kwanza iliigonga Ramillies upande wa kushoto, mbele, ikafungua shimo kubwa na maji yakafurika ndani. Meli iliinama lakini haikuzama. Koveti mbili, yaani manowari ndogo za kusindikiza, Genista na Thyme, zilianza kutupa mabomu ya kina, yanayolipuka chini ya maji, katika bandari nzima, maana hakuna aliyejua adui yuko wapi. Nyambizi za aina ile zilikuwa na tatizo linalojulikana: zikifyatua topido, mbele inakuwa nyepesi ghafla na pua inaruka juu ya maji. Mwendeshaji hana budi kuishusha tena, kuisawazisha na kujificha, huku maji yote yanatikiswa na milipuko. Ndiyo maana kati ya topido ya kwanza na ya pili palipita karibu saa nzima.

Hapo ndipo inapoingia British Loyalty. Kwa mujibu wa masimulizi ya upande wa Waingereza, mabaharia wa meli ya mafuta waliiona nyambizi, wakaifyatulia bunduki, wakapandisha mvuke na kuanza kurudi nyuma ili waondoke katika sehemu yao ya nanga. Katika kurudi huko meli ilikatiza njia ya topido ya pili, iliyokuwa inaelekea Ramillies. Ilipigwa nyuma, penye injini, ikazama katika kina cha mita kama 20. Baadhi ya mabaharia wake walikufa.

Je, topido ile ilikusudiwa Ramillies kweli? Akieda na Takemoto hawakurudi kueleza. Nyambizi yao ilikwama kwenye kisiwa kidogo cha Nosy Antalikely, wakaiacha, wakatembea kuelekea mahali pa kukutana na I-20, wakanunua chakula katika kijiji cha Anijabe. Wanakijiji walitoa habari. Tarehe 2 Juni waliuawa katika mapigano na wanamaji wa Kiingereza, na mwanamaji mmoja akafa pia. Kwa hiyo nia ya topido ya pili tunaikisia kwa hali ilivyokuwa. Mimi nakubaliana na wanaosema ililengwa Ramillies, kwa hoja hii: mtu aliyesafirishwa kutoka Penang, Malaya, hadi Madagaska, amebakiwa na topido moja tu maishani mwake, na mbele yake kuna manowari kubwa iliyoinama lakini bado inaelea, haachi kuimaliza akaenda kutafuta meli ya mafuta. Mafunzo yao yote yaliwaelekeza kwenye manowari kubwa.

Lakini sikubaliani na wale wanaosimulia kana kwamba British Loyalty ilijitoa mhanga. Nahodha aliyeona nyambizi karibu naye alifanya jambo sahihi, yaani aliisogeza meli. Meli iliyotia nanga ni shabaha isiyokosewa. Ilitokea kwamba njia ya kujiokoa ndiyo iliyokutana na topido. Kumpa sifa ya kujitolea mtu aliyekuwa anajaribu kuwaokoa watu wake ni kumnyima sifa aliyostahili hasa, kwamba alitenda upesi katika dakika ambazo bandari nzima ilikuwa imechanganyikiwa.

Na angalia kilichotokea Sydney usiku uliofuata, tarehe 31 Mei. Nyambizi ndogo za aina ileile ziliingia bandarini zikiitafuta manowari ya Kimarekani Chicago. Topido zilikosa, moja ikalipuka chini ya Kuttabul, kivuko cha abiria kilichochukuliwa na serikali na kugeuzwa bweni la wanamaji. Watu 21 walikufa. Bandari mbili, bahari mbili, na katika zote mbili chombo cha raia kilichotwaliwa kwa ajili ya vita ndicho kilichozama wakati manowari kubwa iliyokusudiwa inabaki juu ya maji.

Kutoka shimoni hadi kuwa tangi

Ramillies ilizibwa, ikaenda Durban kutengenezwa. British Loyalty ikabaki chini. Mwezi Juni askari wa Afrika Mashariki, Keya wa Brigedi ya 22, walifika Diego Suarez, na Septemba wakashiriki kuteka sehemu nyingine ya kisiwa hadi Wafaransa wa Vichy waliposalimu amri mwezi Novemba. Askari hao, wengi wao wakizungumza Kiswahili kambini, waliishi kwenye bandari iliyokuwa na meli ya mafuta imezama ndani yake. Wakati huo nyambizi za Kijapani zilikuwa zimehamia Mfereji wa Msumbiji, zikazamisha zaidi ya meli 20 za biashara kati ya Juni na Julai.

Kila meli iliyozama iliifanya iliyozama kwenye maji mafupi iwe ya thamani zaidi. Hapa ndipo umbo la meli ya mafuta linapojieleza. Meli ya kawaida ya mizigo ni maghala machache makubwa: likitobolewa moja, sehemu kubwa ya meli inajaa maji. Meli ya mafuta imegawanywa vyumba vingi kwa kuta za chuma, kwa urefu na kwa upana, ili shehena isiyumbe na kuipindua. Injini na boila ziko nyuma kabisa, zimetengwa na mafuta. Topido ya Akieda iliua sehemu ya nyuma. Matangi ya mbele na katikati hayakuguswa kwa kiasi hicho. Na mafuta ni mepesi kuliko maji ya bahari, kwa hiyo tangi lililojaa mafuta linasaidia kuelea, halivuti chini.

Kuinua chombo cha namna hiyo ni kazi ya wapiga mbizi na pampu. Unaziba tundu kwa mabamba au saruji, unafunga milango ya vyumba, kisha unasukuma maji nje au unaingiza hewa mpaka chombo kinaachana na tope. Kina cha mita 20 kinamruhusu mpiga mbizi kufanya kazi ya maana. Kingekuwa cha mita 60, British Loyalty ingebaki Madagaska hadi leo.

Ilipoinuliwa ilikuwa meli isiyo na injini ya kutegemewa. Hapa wakubwa wa jeshi la maji walifanya uamuzi ambao nauona kuwa wa busara kuliko wote katika kisa hiki: hawakuitengeneza. Kuipa injini mpya kungehitaji chelezo, na chelezo za Bahari ya Hindi zilikuwa zimejaa manowari zilizojeruhiwa. Badala yake waliikokota hadi Addu ikawe tangi la kuhifadhia mafuta. Addu haikuwa na nafasi ya matangi makubwa ya nchi kavu. Ni visiwa vyembamba vya matumbawe vinavyozunguka maji ya ndani, karibu na mstari wa ikweta, ambako askari waliojenga kituo walisumbuliwa vikali na maradhi. Tangi linaloelea, lenye uwezo wa maelfu ya tani na lililogharimu kukokotwa tu, lilikuwa msaada mkubwa pale.

Kwa hiyo British Loyalty ilibadilika. Ikawa haifuati tena manowari. Manowari na meli zinazopita kati ya Mombasa na Colombo ndizo zilizoifuata.

Topido kupitia pengo la wavu

Mwanzoni mwa 1944 maji ya Maldivi yalikuwa mabaya. Tarehe 12 Februari, Khedive Ismail, meli ya kubeba askari iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani I-27 na kuzama kwa dakika chache tu. Zaidi ya watu 1,200 walikufa. Wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika, pamoja na wauguzi wa kike. Manowari ndogo Petard na Paladin ziliiwinda I-27 mpaka zikaiangamiza. Paladin ilichanika vibaya katika jitihada hizo, ikakokotwa na mwenzake hadi Addu. Chombo kilichojeruhiwa katika msiba mkubwa kuliko yote ya askari wetu baharini kilitafuta hifadhi palepale ilipokuwa imefungwa British Loyalty.

Wiki chache baadaye ilifika U-183, nyambizi ya Kijerumani iliyokuwa na kituo Penang chini ya nahodha Fritz Schneewind. Tarehe 29 Februari ilikuwa imeizamisha meli ya Kiingereza Palma. Tarehe 9 Machi ilikuwa nje ya Addu.

Atoli ile ina milango michache ya kuingilia, na Waingereza walikuwa wameiwekea nyavu za chuma za kuzuia nyambizi na topido. Schneewind hakujaribu kuingia. Akiwa nje, aliona kupitia mlango mmoja kwamba kuna pengo kati ya nyavu, na nyuma ya pengo hilo, ndani kabisa ya maji ya ndani, meli ya mafuta imetulia. Akafyatua. Topido ikapita pengoni, ikavuka maji ya ndani, ikaipiga British Loyalty.

Kwa ufundi ni pigo la kushangaza, na sioni haya kulisema. Lakini swali la mchambuzi ni jingine: lilileta nini? Alichokiona Schneewind kwenye kioo chake ni meli ya mafuta ya tani zaidi ya 6,000, na ndivyo ilivyoandikwa. Alichokipiga ni tangi lisilotembea. Hasara ya Waingereza ilikuwa mafuta na mahali pa kuyaweka, si meli ya safari. Kwa upande mwingine, aligundua kwa topido moja kwamba ulinzi wa Addu una tundu, na ugunduzi huo uliwauma wenye kituo kuliko tangi lenyewe. Kama palepale mlangoni angekuwa amekaa Paladin iliyochanika, au manowari inayojaza mafuta ubavuni mwa British Loyalty, tungekuwa tunasimulia msiba mwingine kabisa.

Hapa mashambulio yote mawili yanakutana. Diego Suarez haikuwa na kizuizi cha kutosha mlangoni, na sababu inaeleweka: bandari ilikuwa na wiki tatu tu mkononi mwao. Addu ilikuwa na kizuizi, na ilikuwa na miaka zaidi ya miwili ya kukijenga. Kizuizi chenye pengo kiliwapa usingizi ambao bandari isiyo na kizuizi isingewapa. Chombo kisichoweza kujisogeza kiliachwa kwenye mstari ulionyooka kutoka baharini, na naamini kilichosababisha ni fikra kwamba tangi si shabaha, ilhali mwaka 1942 meli hiyohiyo ilikuwa imezama kwa kuwa karibu na shabaha. Kuisogeza nyuma ya kisiwa kungehitaji tagi moja na asubuhi moja.

U-183 yenyewe haikumaliza vita. Tarehe 23 Aprili 1945 nyambizi ya Kimarekani Besugo iliipiga katika Bahari ya Java, na kati ya watu wake wote alinusurika mmoja tu.

British Loyalty ilitengenezwa kiasi cha kuelea, lakini haikufaa tena hata kuwa tangi. Vita vilipokwisha, kuikokota kwenda kuuzwa kama chuma chakavu kulihitaji safari ya maelfu ya kilomita na chombo kilichotobolewa mara mbili. Januari 1946 Waingereza waliizamisha wenyewe ndani ya atoli, upande wa kusini mashariki wa kisiwa cha Hithadhoo. Iko chini kwenye kina cha mita 33, imelalia ubavu wa kulia, urefu wake zaidi ya mita 130 umefunikwa na matumbawe, na wapiga mbizi huitembelea mara kwa mara.

Kuna tatizo moja la hesabu ambalo watafiti wetu wa vita hivi wanapaswa kuliangalia. Tani 6,993 za British Loyalty zinaonekana katika mafanikio ya Wajapani ya Mei 1942, na zinaonekana tena katika mafanikio ya U-183 ya Machi 1944. Anayejumlisha tani zilizozamishwa katika Bahari ya Hindi kwa kuunganisha orodha za Wajapani na za Wajerumani anaihesabu meli moja mara mbili, na mara ya pili anahesabu kama meli ya safari kitu ambacho kilikuwa hakina injini. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuandikwa: meli moja ya mafuta iliyotolewa kazini Diego Suarez tarehe 30 Mei 1942, na tangi moja linaloelea lililotolewa kazini Addu tarehe 9 Machi 1944.